Paa langu la Nakuru lina rangi tatu: soma kabla hujatuma hela ya vigae

Nyumba yangu iko Kiamunyi, hapo Nakuru, na jua likiwaka mchana ukisimama barabarani utaona paa lina rangi tatu. Kwa risiti zote zinaitwa kahawia. Mimi niko Minnesota, Marekani, nilijenga kwa WhatsApp kama wengi wetu, na kilichonimaliza si wizi, ni hesabu.

Mambo ya kaunti, NCA (mamlaka ya ujenzi ya Kenya) na kuchoresha plani mnayajua, siingii huko. Naongea juu ya vigae vya shingoli, vile vya bati vyenye changarawe juu.

Plani ilikuwa mita 12 kwa 10. Fundi akapiga 120, akazidisha na 2.15 kwa sababu hivyo ndivyo vigae vinavyoingia kwa mita moja ya mraba, akapata 258. Shemeji akanitumia picha ya karatasi na voisi juu yake, ati hesabu ni safi, fundi ni mtu wa kanisa. Nikatuma hela siku hiyo hiyo. Jamani, hiyo 120 ni ya SAKAFU. Paa si sakafu!

Hebu fuata hapa. Paa linatokeza nje ya ukuta sentimita 60 kila upande, so 12 inakuwa 13.2 na 10 inakuwa 11.2, ukizidisha tayari uko karibu 148. Halafu paa limeinama, langu ni digrii 30, unazidisha na 1.155 unafika 171. Na bado, kwa sababu ni paa la pande nne lenye vali, yaani bonde pale pande mbili za paa zinapokutana, na kila penye vali kigae kinakatwa na kipande kinatupwa, ongeza asilimia 15, inakuwa 196. Mara 2.15, vigae 422. Mimi nilikuwa nimelipia 258.

Simu zikaanza. "Tumepungukiwa kidogo tu." Nikatuma hela ya vigae 100. Wiki mbili baadaye, kidogo tena, 68. Kila mara lori kutoka Nairobi nalipa mimi, na ilikuwa Aprili, si unajua mvua ya Nakuru Aprili, mbao zimeloa ziko uchi. Na vigae vya oda tofauti havifanani rangi hata jina likiwa moja, hiyo hakuna aliyeniambia. Nunua vyote mara moja. Narudia, vyote mara moja.

Na usitume hata shilingi ya vigae kabla mbao za paa hazijapanda. Zikishapanda, fundi apande na tepu, apime kutoka mgongo wa paa mpaka fasia, ule ubao wa ukingoni chini, kila upande, akupigie picha ya tepu ikisomeka namba, si picha yake akitabasamu juu ya ngazi. Kama unataka kujua paa limeinama kiasi gani, apime mita 1 ya kulala aone limepanda ngapi: likipanda sentimita 50 unazidisha na 1.118, 58 ni ile 1.155, likipanda mita nzima ni 1.414. Plani ya sakafu weka kando kabisa.

Riji, vile vya kufunika mgongo wa paa, na vali zinapimwa kwa urefu. Geji, yaani unene wa bati, iandikwe kwa kwotesheni, 26 ni nene kuliko 28. Mbao za kupigilia vigae zinapangwa kila sentimita 37 hivi, kwa paa langu ni mita 462, yaani futi 1,516 kabla ya kuongeza za kuharibika, na nyumbani mbao ni kwa futi so usichanganye.

Kuchanganya nako nilichanganya. Huku Marekani shingoli ni za lami, zinauzwa kwa bando, bando 3 zinafunika "skwea" moja, na skwea yao ni futi 100 za mraba, kama mita 9.3 za mraba hivi. Nikamwambia fundi paa ni skwea 18, akasikia mita 18, akauliza kama naezeka choo. Na usitamani hizo za lami kwa sababu umeziona kwa jirani, zinataka plaiwudi paa zima chini yake. Hawa watu pia wana maajabu yao, mvua ya mawe ikinyesha leo, kesho vijana wanagonga mlango wanataka kukubadilishia paa bima ilipe, la zamani linang'olewa asubuhi na jioni jipya liko juu. Sisi tunajenga paa moja tunataka wajukuu walirithi.

Shemeji sina kinyongo naye. Alisimama kwa mvua akihesabu lori. Lakini nyinyi mlioko nyumbani, kama hujui hesabu sema hujui, usiseme ni safi, mtu huku anafanya shifti mbili.

Ukimaliza bakisha vigae kumi hivi stoo, vya kurekebisha. Vyangu vilibaki vinne, vyote vya oda ya mwisho.