Mkwe wetu anaitwa Krüger: namna ya kufuatilia jina la Kijerumani ukiwa Bombo

Krüger. Ndilo jina alilokuja nalo kijana aliyemposa binti wa kaka yangu. Wiki tatu kabla ya siku ya utambulisho, wazee wetu wa hapa Bombo waliniita mimi shangazi wa bibi harusi, wakanikalisha mkekani, wakaniuliza swali ambalo Uganda nzima huulizwa kila mkwe: huyu ni wa ukoo gani? Kijana alikwisha kuulizwa kwa simu. Alijibu kwa adabu kwamba hana ukoo, ana jina tu. Wazee wakaona kuna kitu kinafichwa.

Nikakabidhiwa kazi ya kulifuatilia hilo jina. Nilikuwa na simu, bando ya wiki, daftari, na mkwe mwenyewe upande wa pili wa WhatsApp. Naeleza hapa njia niliyopita, pamoja na mahali nilipopotea, kwa ajili ya kila familia yenye mkwe, mjukuu au cheti chenye jina la Kijerumani.

Usitafute ukoo

Fomu zetu za Kiswahili zina mstari wa "jina la ukoo", na kosa linaanzia hapo. Muganda akikuambia yeye ni wa Nkima au Ngeye, amekutajia babu mmoja, mwiko mmoja, na watu asioruhusiwa kuwaoa. Hata jina lenyewe mara nyingi hutoka kwenye hazina ya ukoo wake, kwa hiyo anayejua mambo husikia jina akajua ukoo. Sisi Wanubi tunabeba jina la baba, na la babu baada yake.

Jina la Mjerumani halifanyi kazi hizo. Majina ya kurithiwa yalianza kushika katika miji ya kusini na magharibi mwa nchi hiyo kwenye karne ya 12, yakaenea polepole hadi vijijini. Watu wa Frisia, pwani ya kaskazini, walilazimishwa kuyachukua mwaka 1811 tu, kwa amri ya Napoleon. Mengi ni majina ya kazi. Müller ni msaga nafaka, Schmidt ni mhunzi, Schneider ni fundi wa kushona nguo, Fischer ni mvuvi. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, na kila mhunzi aliacha watoto walioitwa Schmidt. Ndiyo sababu Müller, Schmidt na Schneider ndiyo majina yanayoongoza kwa wingi Ujerumani, na ndiyo sababu watu wawili wanaoitwa Schmidt wanaweza wasiwe na tone moja la damu la pamoja.

Kwa hiyo liite jina la familia. Na swali la "ukoo gani" ligeuze liwe "kazi gani, na kijiji gani". Nilipolielewa hili, nusu ya kazi ilikuwa imekwisha.

Nukta mbili zilizonipotezea siku mbili

Nilianza na nakala ya fomu ambayo karani wa ofisi moja alikuwa ameandika Kruger, bila nukta juu ya u. Nikaitafuta hivyo hivyo. Jioni mbili nzima nilisoma habari za Afrika Kusini: rais Paul Kruger, mbuga ya wanyama, sarafu ya dhahabu. Bando ikaisha.

Habari hizo zina uhusiano na jina letu, lakini ni tawi la mbali. Jacob Krüger, babu wa mbali wa rais huyo, alizaliwa Berlin, akafika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1713 akiwa askari wa kampuni ya Waholanzi, na huko kizazi chake kikaendelea bila zile nukta. Mkwe wetu si wa hao.

Fanya hivi. Omba picha ya ukurasa wa pasipoti. Sehemu ya juu utaona jina lilivyoandikwa kwa herufi zake kamili. Mstari wa chini kabisa, ule wa kusomwa na mashine, utaona ü imegeuzwa kuwa UE: KRUEGER. Namna zote mbili ni halali. Vivyo hivyo ä huwa ae, ö huwa oe, na ß huwa ss. Kwenye simu, bonyeza herufi u bila kuachia, ü itajitokeza. Kisha andika daftarini kila umbo: Krüger, Krueger, Kruger. Ongeza majirani wa jina, kama Kröger, ambalo ni jina lile lile katika matamshi ya kaskazini magharibi. Krieger liweke mbali kidogo. Linafanana kwa sikio, lakini linatokana na neno la vita.

Maana, na wazee kuambiwa ukweli

Usiamini tovuti ya kwanza inayokuuzia nembo ya familia yenye simba na ngao. Nembo hizo huuzwa kwa jina, wakati nembo ya kweli ilikuwa mali ya familia moja mahususi. Nenda kwenye kamusi ya majina ya familia ya Ujerumani inayotayarishwa na Akademia ya Sayansi na Fasihi ya Mainz. Iko kwenye intaneti, haina malipo, na kifupi chake ni DFD. Imeandikwa kwa Kijerumani, ila programu ya tafsiri kwenye simu inatosha kukupa maana.

Kwa Krüger utakuta njia mbili. Krug kwa Kijerumani cha kawaida ni gudulia. Kusini na katikati ya nchi, jina hili lilimwangukia mfinyanzi au muuza magudulia. Lakini kaskazini mashariki Krug ilikuwa pia nyumba ya pombe ya kijiji, na hadi leo katika vijiji vya Mecklenburg na Brandenburg utaona kibao cha "Dorfkrug" juu ya mlango wa mkahawa. Huko, Krüger ni mwenye nyumba hiyo. Jina moja, kazi mbili, na mwamuzi ni mahali familia ilipotoka. Kamusi peke yake haiwezi kukuamulia.

Mzee mmoja wetu alipoisikia njia ya pili alikaa kimya, akauliza, "Kwa hiyo babu yake alikuwa na kafunda?" Kafunda ni baa ndogo ya pombe, na hilo ni swali zito kwa familia ya Kiislamu. Wapo walionishauri niishike ile maana ya mfinyanzi tu nisiitaje nyingine. Nilikataa, kwa sababu ndoa haijengwi juu ya neno lililofichwa. Nikamjibu kwamba ndiyo, huenda ilikuwa hivyo, karne nyingi zilizopita. Nyumba ile ilifunguliwa kwa kibali cha bwana wa ardhi, na ndani yake msafiri alikula, alilala na farasi wake alipata majani. Jina likabaki kwa wajukuu ambao hawakuwahi kummiminia mtu kikombe. Kijana wetu anafunga mitambo ya umeme wa jua, na amesilimu kwa hiari yake. Mzee akasema, endelea.

Kama jina lako si la kazi, angalia mambo mengine. Klein ni mdogo, Lang ni mrefu, Krause ni mwenye nywele zilizojisokota. Bayer ni mtu wa Bavaria. Mwisho wa jina nao husema kitu: -sen, kama Petersen na Hansen, hukupeleka kaskazini karibu na Denmark, -le hukupeleka kusini magharibi, -ow huwa dalili ya Mecklenburg na Pomerania, ambako majina ya mahali yalitoka kwa Waslavi.

Mnubi hawezi kuzungumzia Wajerumani asimfikie Emin Pasha, gavana wa zamani aliyekuwa na askari wa babu zetu, basi tulifanyie zoezi jina lake. Alizaliwa akiitwa Eduard Schnitzer, mwaka 1840, katika mji wa Oppeln huko Silesia, ambao leo ni Opole nchini Poland. Schnitzer ni mchongaji, kutokana na kitenzi cha kuchonga. Lakini familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na Wayahudi wa Prussia walitakiwa na sheria ya mwaka 1812 kuwa na majina ya familia yasiyobadilika. Katika familia ya namna hiyo usikimbilie kusema babu alikuwa mchongaji, maana huenda jina lilichaguliwa tu ili kutimiza sheria. Yeye mwenyewe aliliacha, akajiita Mehmed Emin, na Emin ni neno lile lile lililotupa "amini" na "mwaminifu". Kwa jina hilo alitawala Equatoria, jimbo la kusini mwa Sudan na kaskazini mwa Uganda, kutoka Wadelai, na mabaki ya askari wake waliochukuliwa na Lugard, ofisa wa Kiingereza, mwaka 1891 ndio baadhi ya babu zetu. Alipolisikia hili, mzee aliyeuliza habari za kafunda alinitaka nimwandikie Schnitzer kwenye karatasi akae nalo.

Wako wapi leo

Hapa wengi hudanganyika kwa ramani. DFD huonyesha jina limetapakaa wapi, na hesabu yake imejengwa juu ya simu za mezani za Deutsche Telekom za mwaka 2005. Maana yake ile namba ni ya laini za simu. Nyumba ya watu sita ni moja, na mwenye simu ya mkononi tu hayumo. Usiseme mbele ya wazee "wako watu kadhaa" kwa kunakili namba hiyo.

Ramani za majina zina aina mbili. Moja huhesabu idadi tupu, nyingine huhesabu kwa uwiano wa wakazi. Ya idadi tupu itakuonyesha Berlin na Hamburg kwa karibu kila jina la kaskazini, kama vile Kampala ingeongoza kwa karibu kila jina la Uganda. Ya uwiano ndiyo inayonong'oneza asili. Kwa Krüger, rangi nzito iko kaskazini mashariki: Mecklenburg, Brandenburg na eneo la Berlin. Kröger nzito iko Hamburg, Schleswig-Holstein na Saksonia ya Chini. Jina la Krüger limo miongoni mwa 30 yanayoongoza nchini, kwa hiyo limefika kila jimbo, lakini uzito wake haujahama. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kusema nyumba ya pombe na wageni, si ufinyanzi.

Ramani ya leo pia ina pengo. Mwaka 1945 Ujerumani ilipoteza ardhi yake mashariki ya mto Oder, na Wajerumani wapatao milioni 12 walikimbia au walifukuzwa kutoka huko na sehemu nyingine za Ulaya ya mashariki. Sehemu kubwa ya Pomerania, nyumbani kwa akina Krüger wengi, leo ni Poland, na haimo kwenye ramani hiyo hata kidogo. Mtu anaweza kuwa amezaliwa Köln au Hannover, lakini bibi yake alifika huko na gari la kukokotwa na farasi.

Nje ya Ujerumani, Krueger ni wengi Marekani, hasa Wisconsin, walikohamia Wapomerania katika karne ya 19. Wapomerania wengine walikwenda Brazil, jimbo la Espírito Santo. Na karibu na kwetu, mwigizaji Hardy Krüger, mzaliwa wa Berlin, alikuwa na shamba Momella chini ya mlima Meru, Tanzania. Zipo tovuti zinazokadiria idadi ya kila jina duniani. Zitumie kujua nchi ipi ina wengi kuliko ipi, basi.

Kijiji

Hapa kazi si ya kwako tena, ni ya mwenye jina. Nilimwambia mkwe ampigie bibi yake kabla ya kufungua tovuti yoyote. Aulizie kitabu cha familia ambacho Wajerumani hupewa wakifunga ndoa, kiitwacho Stammbuch. Kwao kulikuwa pia na Ahnenpass, kijitabu ambacho utawala wa Hitler uliwalazimisha wengi kukijaza ili kuthibitisha wazazi wao wa nyuma. Kilitungwa kwa nia ovu, na mkwe aliona aibu kunitumia picha yake. Nilimwambia atume. Tarehe zilizomo zimenakiliwa kutoka vitabu vya kanisa, na hizo ndizo tulizozitaka.

Uandikishaji wa serikali ulianza Prussia Oktoba 1874, na Ujerumani yote Januari 1876. Kumbukumbu za kuzaliwa hufungwa miaka 110, za ndoa 80, za vifo 30, ila mzao wa moja kwa moja anaweza kuomba cheti mapema kutoka Standesamt, ofisi ya uandikishaji ya mji husika. Kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa: tovuti ya Matricula ni bure na imejaa vitabu vya Kikatoliki, Archion ni ya Kiprotestanti na ina malipo. Kwa Pomerania tafuta pia hifadhi za taifa za Poland. Jiandae kwa mwandiko wa zamani, Kurrent, ambao hata kijana wa Kijerumani hausomi.

Ukipata jina la kijiji, lithibitishe. Viko vijiji vingi vyenye jina moja. Orodha ya Meyers ya mwaka 1912 imewekwa kwenye intaneti na ramani zake, na tovuti ya Kartenmeister hukupa jina la sasa la vijiji vya mashariki.

Siku ya utambulisho nilisoma mistari michache tu: jina, kazi iliyolizaa, na kijiji karibu na Stargard, Pomerania, alikobatizwa baba wa babu wa babu yake. Mzee akataka kujua kama kijiji bado kipo. Nikampa simu, akakiona kutoka juu, kanisa na barabara moja katikati ya mashamba, kina jina la Kipoland sasa. Alikitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia kijana, akamwuliza mama yake mzazi aliitwaje kabla ya kuolewa, akaniambia nifungue ukurasa mpya wa daftari.