Jinsi ya kusimulia hadithi mkiwa mahabusu mpaka selo nzima inyamaze

Kama kesi yako inapigwa kalenda kila baada ya siku 14 na nje hakuna wa kukuletea hata sabuni, soma hii. Mi nimekaa ndani miezi 11, misuli sina, kilichonivusha ni mdomo.

Kwanza usikurupuke. Mnafungiwa jua bado lipo, hesabu ikishapita mlango ndo mpaka asubuhi, na hapo mwanzo watu wanagombania nafasi, hakuna atakayekusikiliza. Subiri mshalala mchongoma, ubavu kwa ubavu, hapo hata ukinong'ona unasikika. Afu omba ruhusa kwa nyapara, yaani mahabusu mwenzenu anayesimamia selo, akishasema "haya dogo tupe" basi anayepiga kelele ana ugomvi na yeye, sio na wewe. Anza na "hadithi hadithi", wakiitikia kivivu rudia tena, mi nimesikia mibaba mizima inajibu "hadithi njoo" kama watoto wa darasa la pili na ukishaisikia hiyo sauti ujue ukuta haupo tena.

Kesi yako usiisimulie hata kidogo, mle ndani kuna masikio. Simulia safari. Mi niliwapandisha treni ya reli ya kati, Dar mpaka Kigoma, ndani yake kuna mama mmoja kabeba begi ambalo sio lake, kila usiku kituo kimoja au viwili. Vituo vinakusaidia kukumbuka ulipoishia maana karatasi huna (Abdilatif Abdalla alipofungwa Kenya 1969 mpaka 1972 aliandika mashairi yake kwenye karatasi za chooni, we huenda hata hizo usipate). Na ukikosea acha wakusahihishe! Usiku mmoja nimeweka kuku wa kuuza Dodoma, mzee mmoja akafoka gizani, "we dogo, kuku ni Saranda!" nikamwambia haya mzee tuelezee, akaelezea mpaka mafuta yanavyochuruzika vidoleni, na pembeni yangu kijana mmoja akaanza kulia kimyakimya. Kwa hiyo habari za chakula na za watoto nenda nazo taratibu, zinaumiza.

Kukata ndo kazi yenyewe. Shahrazad wa Alfu Lela U Lela aliiokoa shingo yake kwa kukatisha hadithi kukikaribia kucha, na wewe katisha hadithi pale mkono wa konda ukiwa kwenye zipu ya begi. Watakutukana, sawa, ila asubuhi mtu anakusogezea kipande cha sabuni, mi nililala jirani na choo na baada ya kama wiki 2 nikahamishiwa ukutani. Ila usimdai mtu ugali wake. Mwenzetu mmoja alikuwa anawatoza wageni nusu ya ugali ndo awasimulie, siku ya nne hakuna aliyemwitikia, na mi naona ni haki yake kabisa, huwezi kumla mtu ambaye hajala.

Na mwisho wa hadithi yako mwambie mtu mapema, jina lako linaweza kuitwa wakati wowote. Langu liliitwa tukiwa Tabora, mabehewa yanakatwa, mama hajui apande ya Mwanza au ya Kigoma. Natafuta ndala zangu, yule mzee wa Saranda akanishika mkono, "anapanda ipi?" Nikamnong'oneza. Waliotoka baadaye wanasema jioni ile ile alisimulia yeye, na Tabora peke yake ilimchukua siku tatu.