Kabla ya kupuliza dawa, mjue kwanza mdudu

Hapa Goma mtu akiumwa usiku, asubuhi ananunua dawa, anapuliza chumba kizima, na kuwashwa kunaendelea. Naomba tuanze na kumtambua.

Hatua ya 1. Usimponde. Mnase kwa skochi, mbandike kwenye karatasi nyeupe, uandike ulipomkuta: godoroni, ukutani, kwenye gunia.

Hatua ya 2. Mpige picha kwa simu, ukuze, uhesabu miguu. Sita ni mdudu. Minane ni kupe, utitiri au buibui. (Kupe mchanga naye ana sita.)

Hatua ya 3. Tazama umbo na mwendo. Kiroboto ana milimita 2 au 3, amebanwa ubavuni, na anaruka. Fukusi wa mahindi ana pua ndefu, wala haumi mtu.

Kunguni ndiye anayetusumbua zaidi. Mkubwa ana milimita 5 hivi, ni bapa, rangi ya kahawia. Akishiba damu huvimba na kuwa mwekundu. Haruki kabisa. Nyumba zetu za mbao zina nyufa nyingi za kumficha, basi pitisha tochi kwenye maungio ya mbao, mishono ya godoro na matundu ya misumari ya kitanda. Ukiona vidoa vyeusi, vifute kwa kitambaa chenye maji: vikiacha mchirizi wa rangi ya kutu, hicho ni kinyesi chake, damu aliyokunywa.

Maswali

Kaka wa Katindo: Nina vipele vitatu kwa mstari mkononi. Ni kunguni?
Jibu: Vipele peke yake havitoshi, kaka. Wengine huumwa na hawaoti hata kimoja. Tafuta vidoa.

Mama wa Ndosho: Maharagwe yangu yana matundu ya duara, na vijidudu havina pua.
Jibu: Mama, yamebunguliwa. Funza hukulia ndani ya punje, na tundu ndipo mdudu alipotokea. Yaliyo mazima yaanike juani, kisha yajaze hadi juu kwenye bidoni kavu inayofunga vizuri.

Dada wa Birere: Naweza kupuliza dawa ya shambani kitandani?
Jibu: Hapana dada, tafadhali, hasa anapolala mtoto. Shuka zifue kwa maji ya moto, nyuzi 60. Mbao za kitanda zitoe nje, uzimwagie maji yanayochemka. Chandarua chenye dawa usikichemshe. Kagua tena baada ya wiki mbili, maana mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa.