Somo: Kuifufua Rotax 503 iliyolala miaka mingi

Injini ya Rotax 503 ya Austria imerusha ndege nyepesi nyingi za kujiundia tangu miaka ya 1980: silinda 2 zinazopozwa kwa hewa, ujazo wa karibu cc 497, nguvu farasi zipatazo 50. Kiwanda hakiitoi tena, lakini bado nyingi zimelala stoo. Ukiipata moja, tafadhali usianze kwa kuvuta kamba.

Hatua ya 1. Toa plagi, sailensa na kabureta. Mulika tochi kwenye tundu la moshi utazame ubavu wa pistoni. Michirizi ya wima ni dalili kwamba iliwahi kujamu. Mulika na upande wa kabureta, uikague beringi ya chini ya konrodi (mkono unaoshuka kutoka kwenye pistoni). Ukiona kutu pale, hata kidogo, simama. Krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) imeunganishwa kwa presi, na ukijaribu kuiachanisha kwa nyundo utaipinda. Ipeleke kwa fundi mwenye presi na vifaa vya kuinyoosha.

Hatua ya 2. Hapa ndipo penye uhai wa injini. Haina sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Oili yote huingia pamoja na petroli. Sili za krenki (pete za mpira zinazozuia hewa isipite) zikikauka, hewa hupenya: petroli inapungua, oili inapungua nayo, joto linapanda, pistoni inatanuka na kujamu. Ukiwa juu, hiyo ni kutua kwa lazima.

Sili iliyokufa haionekani kwa macho. Ziba matundu yote ya kabureta, ya moshi na ya pampu ya petroli kwa mpira na bati. Shusha pistoni hadi chini, kisha ingiza hewa kupitia tundu la plagi kwa pampu ya mkono yenye geji, shinikizo la psi 6 tu. Rudia kwa silinda ya pili. Mshale ukishuka, paka povu la sabuni kwenye maungio na kwenye sili za pande zote mbili, uone linapotutumka.

Hatua ya 3. Badilisha mipira yote ya petroli na kiwambo cha pampu. Soketi za mpira zinazoshika kabureta zikunje kwa vidole. Zenye ufa tupa.

Hatua ya 4. Injini za zamani zina pointi (swichi ndogo ya moto wa plagi), zisafishe. Zenye plagi mbili kwa silinda, jaribu kila upande wa moto peke yake.

Hatua ya 5. Ifunge ndege kwenye nguzo imara, na mtu yeyote asikae usawa wa propela. Changanya mililita 20 za oili kwa lita ya petroli. Ipashe taratibu. Moshi usivuke 650°C, kichwa cha silinda kisivuke 250°C.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikizidisha oili si itakuwa salama zaidi?*
Hapana, ndugu yangu. Jeti (kitundu cha petroli ndani ya kabureta) hupitisha kiasi kilekile. Oili ikizidi, petroli inapungua na joto linapanda. Tena ringi zitaganda kwa masizi.

*Shikamoo mwalimu. Yangu inafika mizunguko ya juu haraka sana, ila moshi unachemka mno. Nibadilishe jeti?*
Marahaba. Kagua propela kwanza. Ikiwa nyepesi kwa injini, moshi hupanda joto. Ongeza pembe ya mapanga kidogo kidogo huku ukisoma geji, ndipo uguse kabureta.

*Ikifaulu yote, naweza kuruka juu ya msitu?*
Usiruke. Kitabu cha Rotax chenyewe kinaonya kwamba injini hizi zinaweza kuzima ghafla. Kaa mahali ambapo daima kuna uwanja wa kutua bila injini.