Kutambua seli shina za ngozi: kutoka govi hadi koloni

Seli shina ni seli zinazojihifadhi na kuzaa seli nyingine za ngozi. Kwa maabara ya Dodoma, ngozi inayopatikana kwa urahisi ni govi la tohara ya hospitalini, ambalo vinginevyo huchomwa pamoja na taka nyingine. Pata kwanza kibali cha maadili cha taasisi yako na cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), pamoja na saini ya mzazi. Jua pia kwamba govi halina vinyweleo. Anayetafuta seli shina za kwenye mzizi wa nywele, zenye protini za keratini 15 na CD200, aombe kipande cha ngozi ya kichwa. Govi litakupa seli shina za tabaka la chini kabisa la epidemisi (ngozi ya juu), na hizo ndizo tunazozifuata hapa.

Safirisha kipande ndani ya midia (maji ya kulishia seli) yenye penisilini na streptomaisini, kwenye kasha la baridi, na ukifanyie kazi ndani ya saa 24. Barafu isiguse chupa: ngozi ikiganda, kazi imekwisha.

Kwangua mafuta ya chini kwa mkasi, kata vipande vya milimita 3 hadi 5, kisha vilaze usiku kucha kwenye dispasi, kimeng'enya cha kubandua epidemisi, kwa nyuzi 4. Asubuhi, epidemisi itabanduka kwa koleo kama ngozi ya nyanya iliyochovywa maji ya moto. Ikiwa inachanika badala ya kubanduka, vipande vilikuwa vikubwa mno. Weka utando huo kwenye tripsini (kimeng'enya cha kutenganisha seli) ya asilimia 0.05 kwa nyuzi 37, dakika 5 hadi 10, ukitikisa taratibu. Zima tripsini kwa seramu, chuja kwa wavu wa mikromita 70, hesabu seli hai kwa traipani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu.

Usiongeze dakika za tripsini eti seli zipatikane nyingi. Tripsini hukata protini za juu ya seli, CD71 ikiwemo, na kipimo kinachofuata kinategemea hiyo. Seli shina zinatarajiwa kuwa na integrini alfa 6 (protini ya kushikia) nyingi na CD71 kidogo. Ukizidisha tripsini, karibu kila seli itaonekana ina CD71 kidogo, nawe utashangilia seli shina ambazo hazipo.

Kama hamna mashine ya leza ya kuchambua seli, tumia mshiko. Paka sahani kolajeni ya aina ya 4, mwagia seli, subiri dakika 20 kwa nyuzi 37, kisha suuza zile zisizoshika. Zilizowahi kushika zina integrini beta 1 nyingi, na humo seli shina ni nyingi kuliko kwenye mchanganyiko wa mwanzo. Njia hii inajulikana tangu 1993. Ni ya bei nafuu, ila haitoi seli shina tupu.

Kwenye vipande vya hadubini kuna mtego ambao miongozo iliyoandikwa kwa ngozi nyeupe haiutaji. Rangi ya DAB, inayoonyesha mahali kingamwili iliposhika protini inayotafutwa, ni ya kahawia, na melanini ya ngozi nyeusi nayo ni ya kahawia, tena imejaa pale pale kwenye tabaka la chini. Tumia rangi nyekundu, na daima weka kipande kimoja kisichotiwa kingamwili ya kwanza. Usiridhike na protini ya p63 peke yake: hung'aa karibu tabaka zima la chini, wakati seli shina ni sehemu tu ya tabaka hilo.

Uthibitisho wa kweli ni kuotesha. Panda seli 500 kwenye sahani ya milimita 60, juu ya seli za 3T3 (seli za panya za kulea nyingine) zilizozuiwa kugawanyika kwa mitomaisini C. Baada ya siku 12 hadi 14, paka rangi ya rodamini B na uhesabu koloni, yaani makundi yaliyozaliwa na seli moja moja. Koloni zisizozidi seli 32 zimekwama, usizihesabu katika hatua hii. Kisha, kwenye sahani nyingine ambayo haijapakwa rangi, chukua koloni moja moja na uzipande upya. Iliyozaa koloni zenye kukwama chini ya asilimia 5 ni holokloni, na hiyo ndiyo dalili ya seli shina. Iliyozaa zaidi ya asilimia 95 ni parakloni, mzao uliokaribia mwisho wake.

Koloni zikikosekana kabisa, angalia vifaa kabla ya kulaumu seli. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya bahari, hivyo autoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu) inayosoma shinikizo la pauni 15 hufikia karibu nyuzi 119 tu badala ya 121. Fuata kipimajoto, au panda hadi pauni 17. Kiangazi, kuanzia Juni, hewa kavu hunyonya midia kwenye sahani; kagua trei ya maji ya inkubeta kila asubuhi, na ujaze maji safi yaliyotibiwa kwenye autoklevu.