Kununua dhahabu mara ya kwanza: uliza kwanza utaiuza bei gani

Saivi kila mtu anataka kuhamishia hela kwenye dhahabu na naelewa kabisa, Machi 2025 aunsi moja ilivuka dola 3,000 na Oktoba mwaka huohuo ikavuka 4,000, ukiona hivo alafu akiba yako imelala tu benki roho inakuuma. Lakini kabla hujatoa hata mia, jua kitu kimoja ambacho mimi nilikijua nikiwa nimeshaumia: angalia bei unayonunulia na bei ambayo sonara huyohuyo angeinunulia toka kwako kesho asubuhi. Hiyo tofauti ndo inayokula watu, sio soko la dunia.

Mimi nilianza na bangili, Kariakoo, karati 18 (karati ni kipimo cha usafi, 24 ndo dhahabu safi), nzuri kweli ina vijiwe vyekundu, ikapimwa gramu 14 nami nikalipa gramu 14 za dhahabu. Baada ya miaka miwili nikapata shida ya ada ya mtoto nikaipeleka kwa sonara mwingine, akavaa lensi jichoni, akachukua koleo ndogo, akaanza kung'oa vijiwe kimoja kimoja anaviweka kwenye kisahani, alafu ndo akaiweka kwenye mzani: 11.2. Yani karibu gramu tatu nilinunua glasi kwa bei ya dhahabu, na ujira wa fundi niliolipa siku ya kwanza haukurudi hata shilingi kumi.

Hesabu yenyewe sio ngumu, simu inatosha. Bei ya dunia inatajwa kwa aunsi, na aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1, sio ile ya 28 inayotumika kupimia vyakula. Chukua bei ya leo, gawa kwa 31.1, unapata gramu moja ya karati 24. Tuseme kurahisisha aunsi ni dola 3,110, basi gramu ni dola 100. Karati 22 ina dhahabu asilimia 91.6, ndo maana inagongwa muhuri wa 916, gramu yake ni dola 91.6. Karati 21 ni 875 kwa hiyo dola 87.5, na 18 ni 750, dola 75. Zidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo upate shilingi, basi. Sasa pete ya gramu 8 ya karati 18, dhahabu iliyomo ni dola 600. Dukani wakikwambia 800, zile 200 ni ufundi na faida ya duka, na bei ya dhahabu lazima ipande theluthi nzima ndo urudishe hela yako tu, na hapo sonara hajakata cha kwake wakati wa kukununulia.

Kwa hiyo kama nia ni akiba, nunua kitu kisicho na nakshi: kipande cha karati 24 chenye muhuri wa kiwanda na namba yake, au bangili ya duara ya karati 22 isiyo na jiwe wala enameli. Zunguka maduka matatu uulize swali moja tu, nikikurudishia wiki ijayo utanipa ngapi kwa gramu? Usione haya kabisa, hela ni yako. Anayekujibu kwa namba ndo wa kufanya naye biashara, anayekuzungusha achana naye. Ukiwa na ndugu anakuja toka Dubai pia sawa, kule Deira, kwenye soko la dhahabu, bei ya gramu ya siku inabandikwa dukani na unachobishania ni ufundi tu, ila kumbuka kwenye vito kuna VAT ya asilimia 5 juu yake.

Kupima nyumbani kama dhahabu ni ya kweli inawezekana. Tafuta mzani mdogo unaosoma hadi 0.01 ya gramu. Pima kitu chako kikavu, andika uzito. Weka glasi ya maji juu ya mzani, rudisha isome sifuri, alafu funga dhahabu kwa uzi uizamishe ndani ya maji bila kugusa kitako wala ukuta wa glasi, soma namba. Gawa uzito wa kwanza kwa hiyo namba. Bangili ya gramu 20 ikisoma 1.13 majini inakupa 17.7, hiyo ndo karati 22. Karati 24 ni 19.3, karati 18 ni 15 mpaka 16 hivi, shaba iliyopakwa itakupa 8 au 9 tu. Cheni inashika mapovu ya hewa kwa hiyo itikise kwanza, na kitu chenye uwazi ndani kitakudanganya. Tangsteni, metali nyingine nzito, nayo ina 19.25, karibu sawa na dhahabu safi, ndo maana kipande kikubwa usimalizie na maji, kipeleke kwa sonara mzoefu.

Dhahabu ghafi, ile ya machimboni, USIGUSE. Najua kila mtu ana binamu Geita au Chunya mwenye bei ya kutupa. Tanzania ukitaka kununua ghafi lazima uwe na leseni ya dealer (mfanyabiashara wa madini) au broker (dalali) na biashara inafanyikia kwenye masoko ya madini kama lile la Geita lililofunguliwa Machi 2019, nje ya hapo unakamatwa na mzigo unataifishwa. Na anayekuonyesha masanduku ya dhahabu Nairobi au Kampala anataka ulipie kwanza "ushuru", kimbia.

Fedha, yani silver, ile yenye muhuri wa 925, kwa anayeanza siipendekezi. Inayumba sana, 2011 ilikaribia dola 50 kwa aunsi na Machi 2020 ilikuwa chini ya 12, na huku kwetu kumpata wa kukununulia kwa bei ya maana ni kazi.

Hata dhahabu inashuka. 2011 ilifika kama dola 1,900, mwisho wa 2015 ilikuwa karibu 1,050, aliyenunua kwa mkopo aliuza akilia. Na haizai chochote ikiwa kabatini, hati fungani inakupa riba, hii haikupi. Weka hela ambayo hutaigusa miaka mitano, na nunua kidogo kidogo kila ukipata.

Kwa Waislamu, akiba ikifika gramu 85 za dhahabu safi na ikatimiza mwaka wa Hijria inatolewa zaka asilimia 2.5, kwa hiyo andika tarehe kwenye daftari. Risiti iwe na uzito, karati na bei ya gramu, ipige picha, na usiiweke boksi moja na dhahabu yenyewe.