Kabla ya kujisajili kwa uzamifu wa maendeleo ya jamii magharibi mwa Kenya

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeweka muda usiopungua miaka 3 kwa shahada ya uzamifu, lakini si ajabu kumkuta mtu mwaka wa 6 bado yuko nyanjani. Ukichunguza kilichomchelewesha, mara nyingi ni jambo ambalo lingemalizwa kabla hajalipa karo ya muhula wa kwanza: swali pana mno, msimamizi asiye na nafasi, kibali kilichoombwa nje ya zamu yake, au pesa zilizoisha katikati. Ukishajisajili chuo kinahesabu mihula, uwe umeandika au hujaandika. Kwa hiyo miezi 6 hadi 9 ya maandalizi ukiwa bado nje haipotei.

Anza na swali. “Ushiriki wa jamii katika miradi ya maendeleo Kaunti ya Kisumu” ni mada, na maktaba za vyuo vyetu zimejaa tasnifu zenye mada za namna hiyo. Swali la uzamifu lazima libane. Chukua Nyalenda, mtaa wa mjini Kisumu, ambako kampuni ya maji ya KIWASCO huwauzia maji kwa jumla waendeshaji wa mtaani, nao wakasambaza kwa nyumba na vibanda. Kwa nini mwendeshaji mmoja hulipa bili yake kila mwezi huku mwenzake wa mtaa uleule akizama kwenye deni? Hapo kuna watu wa kuhojiwa, vitabu vya hesabu vya kukaguliwa, na nadharia za usimamizi wa mali ya pamoja za kupimwa. Kabla ya kuliamini swali lako, jaribu kumweleza mweka hazina wa kikundi kwa sentensi 2, kwa lugha anayoizungumza nyumbani. Akikuuliza “sasa hiyo unataka kujua kwa nini?” na huna jibu, rudi ukasome zaidi.

Jambo la pili ni msimamizi, na hapa ndipo tungekusihi utumie muda mwingi kuliko kwingine kote. Egerton pale Njoro, Maseno, Masinde Muliro huko Kakamega, Jaramogi Oginga Odinga huko Bondo na Kibabii huko Bungoma ni vyuo vya kufikiriwa, lakini chagua mtu kwanza, kisha chuo. Soma alichochapisha katika miaka 5 iliyopita. Mwandikie barua fupi yenye muhtasari wa kurasa 2 au 3: swali, pengo lililopo, mahali, mbinu. Barua ya “naomba unisimamie” isiyo na muhtasari haimpi la kujibu. Akikubali kukutana nawe, muulize bila haya: una wanafunzi wangapi wa uzamifu sasa? Unakaribia kustaafu au kwenda likizo ya utafiti? Sura moja utaisoma kwa wiki ngapi? Mkubaliane muda, mathalani wiki 3, na umtumie baruapepe ya kuthibitisha mlichosema. Utakuwa na wasimamizi 2 kwa kawaida, kwa hiyo ulizia pia kama wanaelewana. Mmoja akitaka takwimu na mwingine akitaka simulizi za wanakijiji, utaandika sura ya 3, ile ya mbinu, mara nyingi. Watafute wahitimu wake wawili watatu. Hao watakwambia ambacho tovuti ya chuo haisemi.

Ukiwa bado kwenye hatua hiyo, hakikisha programu yenyewe imeidhinishwa na Tume. Ikiwa uzamili wako ni wa nje ya nchi, omba Tume iutambue mapema, maana chuo kitaidai hiyo hati. Uliza pia kama uzamili usio na tasnifu unakubaliwa, kwa kuwa vyuo vingi havipokei.

Vibali vina mfuatano, na ukiukosea unarudi nyuma. Pendekezo hutetewa idarani, kisha kitivoni, kisha hupitishwa na bodi ya masomo ya uzamili na uzamifu. Baada ya hapo ndipo linakwenda kwa kamati ya maadili iliyotambuliwa. Cheti cha maadili kikitoka, unaomba leseni ya utafiti kwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Leseni ikiwa mkononi unaripoti kwa kamishna wa kaunti na serikali ya kaunti, ukitafiti shuleni na kwa mkurugenzi wa elimu, kisha unashuka kwa naibu kamishna, chifu, naibu wa chifu, hadi mzee wa kijiji, yule ambaye Kakamega na Vihiga wanamwita liguru. Leseni hudumu mwaka 1. Anayeiomba mapema kisha akakaa miezi 8 akirekebisha hojaji hujikuta nyanjani na karatasi inayoelekea kuisha. Na usije ukaanza kukusanya data kabla ya cheti cha maadili, hata kama chifu ni ndugu yako: data hiyo haitakubaliwa, na majarida mengi huuliza nambari ya cheti.

Sasa orodha ya watu au vikundi utakaoteua sampuli humo. Wengi huenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, wakapewa orodha ya vikundi vilivyosajiliwa, wakaichukua kama ilivyo. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, lakini kusajiliwa si kuishi. Vipo vilivyoundwa mradi fulani ulipotangaza pesa, vikafa mradi ulipofunga virago. Piga simu kwa kila mwenyekiti au katibu kabla ya kuhesabu sampuli. Kisha omba kuona daftari la kumbukumbu la vikundi vichache. Sahihi za mahudhurio zikiwa za mwandiko mmoja, kalamu moja, mikutano 6 mfululizo, unajua daftari lilijazwa siku moja afisa alipotarajiwa. Daftari lenye madoa ya chai, faini za waliochelewa na jina lililokatwa likaandikwa upya, hilo lina habari ndani yake.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, usiandike 384 kwa sababu tasnifu ya jirani imeandika 384. Nambari hiyo hutoka kwenye jedwali la kukadiria sampuli la Krejcie na Morgan la 1970, kwa idadi kubwa ya watu. Ikiwa eneo lako lina kaya 1,200, fomula ya Yamane, inayogawa idadi ya kaya kwa 1 + (idadi hiyo × kosa × kosa), ukiweka kosa la asilimia 5 (0.05), inakupa 1,200 kugawa kwa 4, yaani 300. Ongeza asilimia 10 kwa watakaokataa au kukosekana: 330. Hesabu hiyo hudhani unateua kaya moja moja kwa bahati nasibu. Ukiteua vijiji kwanza, unahitaji kaya zaidi, na mtahini wa nje atakuuliza.

Hojaji nayo ina mitego yake. Ukiuliza “Je, unashiriki katika maendeleo ya kijiji?” utapata ndiyo tupu, na ndiyo hizo hazichambuliki. Uliza: “Katika miezi 6 iliyopita, ulihudhuria mkutano wowote wa mradi wa maji? Nani aliuitisha? Ulisema chochote? Kilichoamuliwa kilifanyika?” Dakika 40 zinatosha, baada ya hapo mama ana mboga jikoni na majibu yanakuwa mafupi. Tafsiri ifanywe na mtu mmoja kwenda Kijaluo, na mwingine asiyeiona ya awali airudishe Kiingereza, ndipo mlinganishe. Usitafsiri “Kiluhya” kimoja kwa magharibi yote: Kibukusu cha Bungoma na Kimaragoli cha Vihiga vina umbali mkubwa. Nakuru mjini, Kaptembwo au Bondeni, Kiswahili kitakufikisha. Lakini Molo na Kuresoi, swali la kabila au la “kwenu hasa ni wapi” linagusa majeraha ya 1992 na ya 2007 hadi 2008. Kama halihitajiki kwenye uchambuzi, liondoe.

Jua pia kwamba baadhi ya jamii hizi zimehojiwa sana. Busia ndiko ulikofanyika utafiti wa dawa za minyoo shuleni ulioanza 1998, wa Michael Kremer na Edward Miguel. Kremer alikuja kushinda Nobeli ya uchumi 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Siaya, kaya za Rarieda zilipewa pesa taslimu kati ya 2011 na 2013 ili athari zake zipimwe. Watu wa huko wanajua fomu ya ridhaa, na watauliza utarudisha nini. Amua jibu mapema: nauli sawa kwa kila mshiriki, iliyotajwa kwenye ombi la maadili, na tarehe ya kurudi barazani na matokeo. Usiahidi mradi.

Kalenda ya nyanjani ipange kwa mvua na kwa watu. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei. Udongo mweusi wa Kano ukilowa, hata bodaboda hugoma, na Budalang'i hufurika. Hapohapo ndipo watu wako shambani wakipanda. Ijumaa na Jumamosi Nyanza ni siku za mazishi, usipange majadiliano ya vikundi. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Miezi kadhaa kabla yake, mgeni mwenye orodha ya majina hudhaniwa ni wakala wa mwanasiasa. Nambari za vitambulisho usizikusanye kabisa: huzihitaji, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana. Majina yawe faili moja, majibu yenye misimbo faili nyingine.

Bajeti ipige kwa siku za kazi. Watafiti wasaidizi 5, kila mmoja mahojiano 6 kwa siku, ni 30. Kaya 330 ni siku 11, ongeza siku 2 za mafunzo, siku 1 ya majaribio kwa watu 30 nje ya eneo lako, na siku 3 za kuwarudia waliokosekana. Gharama inayosahaulika ni ya unukuzi. Saa 1 ya sauti huchukua saa 4 hadi 6 kuandikwa, kabla ya kutafsiriwa. Majadiliano 8 ya saa 1 na nusu ni saa 12 za sauti, yaani saa 48 hadi 72 za mtu mwenye kujua lugha, na anastahili malipo. KoboToolbox, programu ya kujazia hojaji kwenye simu, hufanya kazi bila mtandao na simu za kawaida zinatosha. Nunua benki za umeme (power bank) za kuchajia simu. Mfuko wa Taifa wa Utafiti na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, hutangaza ufadhili kwa vipindi, kwa hiyo muhtasari wako uwe tayari kabla ya tangazo.

Makala 2 katika majarida yanayopitiwa na wataalamu ni sharti la kuhitimu, na jarida zuri laweza kukaa na makala mwaka mzima. Panga ya kwanza itoke kwenye mapitio ya maandishi, iwe imetumwa kabla hujaenda nyanjani. Jarida linalokuahidi kuchapisha ndani ya siku 5 ukilipa, liepuke. Chuo kinaweza kuikataa makala ukiwa umebakiza mwezi 1 kutetea. Na kama umeajiriwa, ruhusa ya kazi iombe kwa maandishi, ikitaja miezi ya nyanjani kwa majina yake, kwa kuwa ahadi ya mdomo huondoka na bosi anapohamishwa.